Dubai 2021, mchezo wa sita: Nepo alikuwa na malkia, alifungwaje?

Kete_Nyeusi:
Wakuu, habari za jioni. Naupitia tena mchezo wa sita wa mechi ya ubingwa wa dunia wa chess (sataranji), Carlsen mwenye nyeupe na Nepomniachtchi (Nepo), Desemba 3, 2021. Hatua 136, saa 7 na dakika 45. Kompyuta inasema ilikuwa sare mpaka karibu na mwisho. Sasa mwenye malkia alifungwaje na ngome na farasi?

Farasi_F5:
Mdogo wangu, hesabu na askari. Mwishoni Carlsen alikuwa na ngome, farasi na askari wawili walioshikana (safu za jirani), na kila kete inalindwa na mwenzake. Nepo alibaki na malkia peke yake, hana hata askari mmoja. Malkia wa hivyo kazi yake ni kutoa shaha tu, yaani kumtishia mfalme, na shaha zikikatika hana lingine.

Halafu angalia nani alikuwa hatarini. Carlsen hakuwa na njia ya kufungwa, labda alale. Ndiyo maana naipenda sana hatua ya 80: anatoa ngome kwenye mraba wa f7, anapata askari na askofu, na kuanzia hapo anamtesa mwenzake bila kuhatarisha chochote. Kwenye ligi yetu hapa Mombasa watu wanapeana mikono kwa sare hatua ya 30 wakiwahi matatu, na inaniuma kweli. Mchezo bado mbichi!

Kosa lenyewe la Nepo ni hatua ya 130, malkia kwenda mraba wa e6. Kabla ya hapo, ndiyo, sare. Lakini kompyuta haichoki.

Bi_Ngome:
Kaka, umesahau saa. Mechi ile sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua zilianza hatua ya 61. Kuelekea hatua ya 40 wote wawili walibanwa na muda, na kila mmoja akaacha nafasi nzuri. Nepo alifika kwenye mwisho ule ameshachoka.

Kete_Nyeusi:
Ahsanteni. Kwa hiyo ndipo mechi ilipogeuka?

Farasi_F5:
Hapo hapo. Kabla yake michezo 19 mfululizo ya ubingwa ilikwisha sare, kuanzia 2016. Baada yake Nepo akapoteza wa 8, wa 9 na wa 11, Carlsen akashinda kwa pointi 7.5 kwa 3.5. Ule wa 9 Nepo alimwacha askofu wake mwenyewe anaswe bila pa kutokea, kosa ambalo Nepo asiyechoka halifanyi.

Panga kete za hatua ya 82, shika nyeupe, cheza na kompyuta kwa sekunde 30 kila hatua. Ukifika hatua ya 110 uniambie kichwa kikoje.