Eti bakteria wa kwenye oili chafu wanatoa sabuni ya kuchimbia mafuta? Naombeni ufafanuzi

FundiKizota:
Wakuu habari za jioni. Mimi fundi magari hapa Dodoma, shule niliishia fomu foo kwahiyo mnivumilie. Nina mpwa wangu anasoma chuo hapahapa mjini, juzi kaja gereji na kijiko na vikopo akachota udongo pale tunapomwagaga oili chafu, pameshakuwa peusi kama lami hata nyasi hazioti. Namuuliza wa nini, anasema anatafuta bakteria wanaotoa sabuni na wenye visima vya mafuta wanaitumia. Nikacheka. Jana kaniita nikaone, sahani ina maji, juu kamwaga oili kidogo ikatanda, akadondosha katikati tone moja la yale maji anayofugia bakteria wake, oili yote ikakimbilia pembeni kama vifaranga wameona mwewe. Hii ni sayansi au kiini macho? Na kama kweli mbona dukani haipo?

BintiMaabara:
Fundi dogo hajakudanganya. Bakteria anataka kula oili ila oili na maji hazipatani, kwahiyo anatoa kitu cha kuzipatanisha, kinaitwa biosafaktanti. Uso wa maji safi unajivuta kama ngozi, mvutano wake ni kama milinyutoni 72 kwa mita, sasa surfaktini, biosafaktanti inayotolewa na bakteria anaitwa Bacillus subtilis, inaushusha mpaka 27 hivi, ndio maana oili imekimbia.

Kwenye mafuta kazi zipo mbili kubwa. Kisima kikishapampiwa weee mpaka kikachoka, mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta inakuwa bado imeng'ang'ania kwenye vitundu vya mwamba, sasa hii inayabandua yatoke. Ya pili ni kuosha matenki, kule chini kunakuwaga na tope zito watu wanaingia na makoleo. Kuwait walijaribu, majibu yakachapishwa 1991, wakapata zaidi ya 90% ya mafuta yaliyokuwa kwenye lile tope, yaani uchafu wa kutupa ukageuka mali.

Mgogo_Mbishi:
Mi nauliza kitu kimoja tu, hiyo sahani ilioshwa na nini? Maana hata sabuni ya vyombo ikibaki kidogo itafanya hayohayo. Na alidondosha yale maji yake ambayo hayajawekwa bakteria tuone? Bila hivyo ni mazingaombwe tu.

BintiMaabara:
Hapo mbishi umenena, lazima alinganishe. Halafu fundi, usishikeshike hivyo vikopo, kwenye udongo wa oili anapatikanaga bakteria anaitwa Pseudomonas aeruginosa, huyo ndo bingwa wa kutoa ramnolipidi, nayo ni aina ya biosafaktanti, lakini akikuta kidonda anakiozesha, na mafundi mikono yenu naijua.

Alizeti_Singida:
Kwanini dukani haipo: bei. Za kemikali zinatengenezwa kwa wingi na bei yake ni chee, hii unafuga bakteria, unalisha, unachuja, unasafisha, gharama inapanda. Ila hao wadudu wanakula hata mabaki ya mafuta ya alizeti na huku kwetu kila kona kuna mashine ya kukamua, mpwa wako afikirie hapo badala ya kununua chakula cha maabara.

Na msianze kusema ndio itasukuma mafuta kwenye lile bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima Uganda mpaka Tanga linalopita huko Chemba na Kondoa. Yale mafuta yana nta, yakipoa yanaganda kama samli asubuhi ya mwezi wa saba hapa kati, ndo maana bomba la kilomita 1,443 limebuniwa lipashwe joto njia nzima.

FundiKizota:
Nimerudi wakuu. Nimempelekea maneno ya mbishi, kanuna kidogo ila kafanya. Sahani mpya, ya maji matupu tone limezama oili haijatikisika, ya yale maji ya kufugia ambayo hayajawekwa bakteria hivyohivyo, ya bakteria ikafungua duara kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Vikopo vitano lakini kimefanya hivyo kimoja tu, na ni cha udongo wa pale chini ya lile fuso bovu la mzee, limelala miaka sita linavuja. Sasa mzee kaleta mnunuzi wa skrepa, dogo ananiomba lisiondolewe mpaka amalize utafiti.

Mgogo_Mbishi:
Hahaha haya nimekubali. Mwambie achote ndoo nzima leoleo, skrepa haisubiri mtu.