Datsun 240Z, MGB au Porsche 944: lipi litadumu Tabora?

MwanaIsevya:
Habari za jioni wakuu. Natafuta gari la spoti la kizamani, la kutembelea mwisho wa wiki na mara mojamoja kwenda Nzega. Nimebakiza matatu: Datsun 240Z la 1972, MGB la 1974 na Porsche 944 la 1986. Yote nasikia yana sifa mbaya: Datsun linaliwa na kutu, MG umeme wake hauaminiki, Porsche litanifilisi. Kipi ni kweli na kipi ni maneno ya kijiweni? Litalala Isevya, na kutoka nyumbani hadi lami ni vumbi tupu.

FundiCheyo:
Mkuu, nianze na 944 maana ndilo linaloponza wengi. Injini yake ya lita 2.5 inategemea belti ya taimingi. Ikikatika, pistoni zinagonga valvu na hedi lazima ifunguliwe. Muuzaji atakuambia limetembea kilomita chache, lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Gia boksi iko nyuma, imeungwa na injini kwa bomba refu, kwa hiyo kubadilisha klachi tu unashusha gia boksi na bomba hilo kwanza. Nalitendea haki pia: bodi yake imepakwa zinki, kwa kuhimili kutu linayashinda hayo mengine mbali sana, na uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma. Kwenye kona ni raha tupu. Sifa ya kufilisi watu imetokana zaidi na walionunua yaliyochoka kwa bei ndogo, wakaahirisha belti.

MzeeWaSafari:
240Z, kijana wangu. Edgar Herrmann alishinda nalo East African Safari mwaka 1971, Shekhar Mehta akashinda nalo tena 1973. Kwa matope na mawe ya mbio zile, gari dhaifu lisingefika mwisho. Injini ni silinda sita, lita 2.4, inatumia cheni badala ya belti, na kabureta zake mbili fundi mvumilivu anazipatanisha kwa sikio. Ni ukoo mmoja na ile ya Datsun 1600 iliyoshinda Safari 1970. Bei imepanda kwa ajili ya jina hilo, sikatai.

FundiCheyo:
Shikamoo mzee. Kwa injini tuko pamoja, kwenye bodi ndipo ninapoogopa. Kutu ya 240Z huanzia kusikoonekana: chini ya betri, sakafuni chini ya zulia, na kwenye mihimili inayopita chini ya viti. Nje rangi mpya inang'aa, ndani ni puti. Pitisha sumaku, isiposhika ujue bati halipo. Injini mbovu tunaifungua, tunachonga, gari linarudi barabarani. Bodi iliyooza inakula fedha kuliko injini, na kazi yake haina mwisho.

MzeeWaSafari:
Marahaba. Hapo umesema kweli.

DadaKiloleni:
Naomba niitetee MGB, watu wanaionea. Imetengenezwa tangu 1962 hadi 1980, zaidi ya laki tano. Injini ya cc 1798 ni ya kawaida kabisa, fundi yeyote aliyezoea injini za zamani ataielewa. Spea bado zinatengenezwa Uingereza, hadi bodi nzima mpya. Hilo la umeme mara nyingi ni ethi (viungio vya nyaya kwenye bodi) zilizoshika kutu: fungua viungio, safisha, weka rilei (swichi ya umeme) kwenye taa kubwa. Ninachokiogopa mimi ni vizingiti vya chini ya milango. Gari halina chesisi iliyo mbali na bodi, vizingiti ndivyo vinavyobeba uzito.

Halafu angalia bampa. Mwaka huohuo wa 1974 walihama kutoka bampa za kroma kwenda nyeusi za mpira, na za mpira ziliinuliwa juu zaidi kutoka ardhini. Wapenzi wa MG huzidharau, wanasema kwenye kona zinalala. Kwa barabara yako ya vumbi na makorongo, mimi ningechukua hiyo hiyo inayodharauliwa, na huwa na bei nafuu.

MwanaIsevya:
Asante sana dada. Na joto la Oktoba? Ushuru je?

DadaKiloleni:
Rejeta isafishwe ndani na nje, mipira yote ya maji ibadilishwe kabla ya kiangazi. Chujio la hewa likaguliwe mara kwa mara, vumbi letu halina huruma kwa kabureta. Ushuru piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujamtumia muuzaji hata senti, maana magari ya umri huu yana tozo la uchakavu.

MwanaIsevya:
Basi 944 naliacha kwa sasa, na 240Z kwa bei ile siliwezi bila kulikagua kwa mikono yangu. Namwandikia muuzaji wa MGB, anipigie picha za sakafu zulia likiwa limeinuliwa.

FundiCheyo:
Mwombe na video: gari juu ya jeki, afungue milango na kuifunga. Ikikwama, vizingiti vimekwisha.