Mrejesho: Darasa la dansi la vijana linalovurugika bila kioo

Niliuliza kwa nini vijana wa miaka 13 hadi 16 wanacheza vizuri mbele ya kioo, kisha wanavurugika wakigeuzwa. Ahsanteni, mlipatia: walikuwa wanachunguliana humo badala ya kuhesabu mapigo ya muziki. Shuka juu ya kioo ilisaidia kidogo; kukipa kioo mgongo kumesaidia zaidi.

Muziki umeshushwa hadi asilimia 80 ya kasi, wakahesabu nane kwa sauti, ndipo ukapandishwa asilimia 5 kila mara. Ushauri wa kurudia dansi nzima mara kumi haukufaa: mwanzo unanolewa, mwisho unabaki butu. Bora kuanza na nane 4 za mwisho (kila nane ni kipande cha mapigo manane), halafu kurudi nyuma. Na makosa mengi hayamo kwenye hatua, yamo kwenye kubadilisha mistari ya kusimama. Tepu sakafuni, alama moja katikati na moja kila robo ya upana, na kila mtu ajue anapita mbele au nyuma ya nani.

Simu kapuni kabla ya kupasha mwili. Wananuna dakika tano, basi.

Watoro bado wapo. Wamewekwa ncha za mstari wa nyuma, pengo lao lisivunje umbo.