Mkweche wa nyumbani unatoa moshi: tufungue injini, tuweke ya mtumba au tuuze?

MwanaMkweche

Wakuu, naomba ushauri, na mapema kabisa naomba msinicheke.

Nyumbani tuna Corolla ya 1990, injini 4A-FE, gia za mkono. Mzee alilinunua mkononi mwa mtu, mimi bado nabebwa mgongoni. Kihesabu kilomita kiligoma kwenye 387,412 miaka mingi iliyopita, kwa hiyo limetembea kiasi gani linajua lenyewe. Rangi ilikuwa nyeupe. Mlango wa nyuma kushoto haufunguki mpaka uuinue kidogo ndipo uvute. Mgeni hauwezi, na sisi tumeuzoea hadi mdogo wangu akipanda gari la watu anauinua mlango bila sababu. Kioo cha dereva kimekabwa na kipande cha kandambili kisishuke chenyewe. Ubavuni kuna bonde: hilo ni mimi na baiskeli, nikiwa na miaka 9.

Ila ukizungusha ufunguo, linawaka. Mvua inanyesha, limelala wiki mbili, linawaka. Usiku mama aliposhikwa uchungu wa mdogo wangu ndilo lililompeleka hospitali, taa moja ya mbele ikiwa imekufa. Klachi nilijifunzia humo. Mzee alikaa pembeni kimya, kila nikizima anasema tu "washa tena".

Sasa asubuhi likiwaka linatoa moshi wa bluu kama dakika moja, halafu unakata. Oili inapungua, kama lita moja kila kilomita 1,500. Fundi tuliyempelekea hakufungua hata boneti, akasema injini imekwisha. Mezani kuna njia nne:

1. Kufungua injini, ringi mpya za pistoni, kila kitu kipya (mzee yuko hapa).
2. Kuweka injini ya mtumba (kaka).
3. Kuuza, kuongeza hela, kununua gari la miaka ya karibuni (mimi, kwa shingo upande).
4. Kuliegesha uani lipumzike (mama, na hataki kujadiliana).

Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Spana Kumi na Nne

Njia ya 2, mkuu, bila kusitasita. Unashusha ya zamani, unapandisha nyingine, siku mbili mko barabarani. Kufungua injini ni kazi ya wiki kadhaa, na kila ukifungua unakuta kingine: leo ringi, kesho krankshafti inataka kuchongwa.

Na msione gari limepungukiwa heshima kwa kubadilishwa injini. Kuna teksi ya Mercedes 240D ya Ugiriki ilitembea kilomita milioni 4.6, mwaka 2004 ikaingizwa kwenye makumbusho ya Mercedes wenyewe. Haikufika huko na injini moja. Walikuwa wanabadilisha, inayochoka inashuka kutengenezwa, nyingine inapanda.

Babu wa Kabureta

Kijana wa hapo juu, hiyo injini ya mtumba umeisikia ikiunguruma ikiwa chini? Hujaisikia. Umeoneshwa chuma kimeoshwa kwa petroli kinang'aa. Mimi niliuziwa moja, nikaambiwa imetoka kwenye gari la bibi mmoja aliyekuwa anaendea sokoni tu. Huyo bibi lazima alikuwa anashindana na mabasi. Ndani ya miezi mitatu ilianza kugonga, na aliyeniuzia hapokei simu.

Injini mliyokaa nayo tangu mtoto anabebwa mnajua ilikula nini na ililala wapi. Fungueni hiyohiyo. Spea si shida: Corolla zilianza 1966, na 1997 zikaipita hata Volkswagen Beetle kwa wingi wa mauzo. Chuma kilichouzwa kiasi hicho hakikosi ringi.

Dada Gereji

Mnabishana dawa na mgonjwa hajapimwa.

MwanaMkweche, nijibu maswali haya. Moshi huo ni asubuhi tu? Ukiwa unapanda mlima umekanyaga mafuta, nyuma yako kuna bluu? Na ukisimama foleni muda mrefu kisha ukaondoka, linatema?

Moshi wa bluu ni oili inaungua, ila njia ya oili kuingia kwenye silinda si moja. Ringi zikiisha, moshi unakufuata muda wote, hasa ukikanyaga. Sili za valvu, zile raba zinazozuia oili isishuke kwenye silinda, zikikakamaa, oili inachuruzika usiku gari limelala, unaiona asubuhi halafu inaisha. Haya ni magonjwa mawili, na gharama zake haziko karibu hata kidogo. Mweupe usiokata na maji yanapungua kwenye rejeta, hiyo gasketi ya silinda hedi. Mweusi, mafuta yamezidi.

Kabla ya kuvunja kibubu, tafuta mtu mwenye kipimo cha kompresheni, yaani presha ndani ya silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote nne zitoke, umeme wa plagi na mafuta vikatwe, mwenzako akanyage eksileta hadi mwisho apige stata. Andika namba ya kila silinda. Ikiwa chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda, ringi, isipopanda, tafuta juu, kwenye valvu au gasketi. 4A-FE nzima inacheza kwenye 190 psi. 142 ndiyo mpaka wa chini. Na zisipishane sana, silinda moja kuzidiwa na wenzake ni mbaya kuliko zote nne kuchoka pamoja.

Pia chomoa valvu ya PCV, ile inayopitisha mvuke wa ndani ya injini urudi kuungua, uitikise. Isipolia, imeziba, badilisha hiyo kwanza, ni kidude kidogo tu.

Hesabu Kwanza

Mimi nitakuwa mchawi wenu. Nimesoma yote, sijaona mtu aliyeuliza abiria watakaa kwenye nini.

Corolla nyingi za 1990 hazina mifuko ya hewa wala ABS, breki zisizoachia magurudumu yakwame. Ukigongwa ubavuni, kati yako na aliyekugonga kuna bati na kile kitambaa cha mlango. Mkanda wa pointi tatu upo tangu Volvo walipoutoa 1959, lakini wa kwenu una miaka zaidi ya thelathini juani. Umewahi kuuvuta kwa nguvu ukaona kama unashika?

Jambo la pili ni kutu. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo chesisi. Injini ikifa unasimama pembeni ya barabara, basi. Bodi ikioza, huwezi kujua mpaka siku ya ajali. Chukua bisibisi, ingia chini, bonyeza kizingiti cha mlango, sehemu za jeki na pale ekseli ya nyuma inaposhikilia. Ikizama, rudi hapa tuongee kuhusu njia ya 3 bila shingo upande.

Spana Kumi na Nne

Hesabu Kwanza huyu angemshauri Mmarekani yule wa Volvo auze mapema. Alinunua P1800 mwaka 1966, mwaka 2013 ikavuka maili milioni 3.

Hesabu Kwanza

Alikuwa anaihudumia kwa ratiba kama mgonjwa wa sukari. Wenzetu hapa wanakaba kioo kwa kandambili.

MwanaMkweche

Kandambili hiyo iacheni jamani, inafanya kazi kuliko mota iliyokuwepo.

Majibu. Moshi ni asubuhi, na mara chache tukitoka foleni. Mlimani hakuna, nilimfuata mzee kwa gari la jirani makusudi, nikamwambia akanyage. Akaniuliza kwenye simu kama nimeridhika au aendelee.

Kompresheni, kutoka silinda ya kwanza: 176, 174, 171, 175. Mwenye kipimo alirudia mara mbili akidhani kimeharibika. PCV ilikuwa imeganda kama imegundishwa, tumeshaweka nyingine.

Halafu bisibisi. Kulia pote pagumu. Kushoto, kizingiti cha chini ya mlango wa nyuma, ilizama hadi kwenye mpini. Ukubwa wa kiganja. Juu yake kulikuwa na puti na rangi safi, maana yake kuna mtu aliwahi kuliona akalifunika, na si sisi. Mzee hakusema kitu, aliingiza kidole kwenye tundu akawa anachungulia. Kumbe mlango kugoma miaka yote ni kwa sababu kizingiti kimelegea na nguzo ya mlango imeshuka. Tulidhani ni tabia yake.

Dada Gereji

171 hadi 176! Hiyo injini haijaisha, aliyekwambia imekwisha alitaka kuifungua. Njia ya 1 na ya 2 futa zote.

Badilisha sili za valvu, ziko 16, na silinda hedi haitoki. Kinachotoka ni kifuniko na kamshafti. Fundi anayejua anashusha pistoni kidogo, anaingiza kamba safi kwenye tundu la plagi, anazungusha krenki taratibu kwa mkono mpaka kamba ibane valvu zisidondoke ndani, ndipo anabonyeza springi. Akikuambia lazima hedi ishuke, tafuta mwingine. Kwa kuwa mkanda wa taiming, unaozungusha kamshafti, utakuwa nje, weka mpya. Injini yenu ni ya huruma, mkanda ukikatika pistoni haigongi valvu, ila utakatikia mahali pabaya.

Hicho kizingiti sasa ndicho kazi yenyewe. Kikatwe mpaka chuma kizima kionekane, kichomelewe bati jipya la unene uleule, ndani kipakwe nta ya kuzuia kutu. Nimeona watu wanachomelea kiraka juu ya kutu, mwaka haufiki. Na nguzo ipimwe mlango ukiwa umefungwa kabla hawajachoma, la sivyo mtachomelea ubovu ukae hivyohivyo.

Hesabu Kwanza

Tundu ni moja na liko mbali na kishikio cha mkanda? Kama ndivyo, narudisha nusu ya maneno. Nusu nyingine: badilisheni mikanda ya nyuma, na safari ndefu za usiku muache.

Babu wa Kabureta

Mpe mzee salamu. Mwambie mlango ukinyooka atakuwa anauinua bure kwa mwezi mzima.

MwanaMkweche

Kishikio kiko mbali, nimepima. Mikanda tumeagiza. Mama amekubali gari litoke uani kwa sharti asikie mlango unafungwa mara moja tu.

Mzee kakubali kila kitu isipokuwa bonde la baiskeli. Fundi wa bodi alitaka kulinyoosha bure kwa kuwa yuko hapohapo, mzee akamwambia hilo lina mwenyewe. Mwenyewe ni mimi, na sikuulizwa.

Kuchomelea ni kesho asubuhi. Kuna la kuangalia?

Dada Gereji

Betri mchomoe waya wa hasi. Kiti cha nyuma na zulia vitoke vyote, si kukunjwa, vitoke. Hakikisheni bomba la mafuta halipiti upande huo. Na mtu mmoja asimame ndani ya gari na ndoo ya maji muda wote, cheche huwa zinaingia kwenye sponji kimyakimya.

MwanaMkweche

Mzee ameshachagua ndoo.