Programu ya ankara kwa karakana ya jenereta, Mwanjelwa

Habari wakuu. Karakana ipo Mwanjelwa, Mbeya: jenereta na pampu za maji, mafundi 3, kazi kama 40 kwa mwezi, nusu ni za mkopo. Nichague vipi programu ya ankara ya mtandaoni?

— Mkuu, itenganishe vipuri na ufundi. Andika kabureta 45,000, plagi 5,000, ufundi 20,000. Ukiweka tu “matengenezo 70,000” mteja atabishana. Pia iwe na sehemu ya namba ya mashine. Bila hiyo, jenereta mbili za aina moja zikirudi, hujui ipi ina dhamana. Hili wengi hulisahau!

— Naongezea: ankara si risiti. Risiti ya EFD (ile mashine ya kodi) itoke kivyake. Kama hujasajiliwa VAT, zima ile 18% kwenye mipangilio, maana huruhusiwi kuitoza.

— Usilipie kwanza. Ingiza kazi 5 za kweli kwa simu, tuma PDF WhatsApp, kisha zima data uone kama bado inaandika. Mwisho pakua orodha ya madeni kwa Excel. Ikikataa, achana nayo. Siku ukihama utaacha madeni yako humo.

— Na ada ikiwa kwa dola, piga hesabu ya mwaka mzima.