Kusteki ADA za Cardano, ni lazima nimtumie mtu?

kijana_mbagala
Wakuu habari zenu, naomba mnieleweshe maana nimechanganyikiwa. Nina ADA (sarafu ya mtandao wa kripto wa Cardano) kama 600 hivi kwenye waleti ya Yoroi, zimekaa tu toka mwaka jana. Sasa kuna jamaa kwenye kundi moja la kripto anasema nazilaza bure, nizisteki, na ili kuzisteki nizitume kwenye adresi yake, zinafungwa miezi 6 halafu kila mwezi ananipa asilimia 20. Anasema ndio Cardano inavyofanya kazi. Ni kweli? Sitaki stori za bei, nataka kujua inavyofanya kazi.

haskeli_tz
Usitume mkuu, usitume hata moja. Kwenye Cardano ukisteki, yaani ukitumia ADA zako kusaidia kuendesha mtandao ili upate zawadi, ADA hazitoki kwenye waleti yako. Unachosaini ni cheti kinachosema uzito wa ADA zako ahesabiwe opereta fulani, yeye ana nodi, yaani kompyuta inayotengeneza bloku (mafungu ya miamala), na akipewa uzito mkubwa anapata nafasi nyingi zaidi za kutengeneza, basi, ndio Ouroboros hiyo, utaratibu ambao Cardano inautumia. Kuzigusa hawezi. Na hazifungwi, ukitaka kuuza kesho unauza. Mara ya kwanza unakatwa dhamana ya ADA 2, inarudi siku ukijitoa, pamoja na makato madogo ya muamala.

Hiyo 20 kwa mwezi haipo. Zawadi ni kama asilimia 2 mpaka 3 kwa MWAKA, zinatoka kwenye akiba ya mfumo na makato ya miamala, na ADA zote hazitazidi bilioni 45 kwa hiyo akiba inazidi kupungua na zawadi nazo zimekuwa zikishuka toka kusteki kuanze 2020 na sasisho la mtandao linaloitwa Shelley. Programu yenyewe iko wazi kwenye tovuti ya GitHub, anayejua Haskell, lugha iliyoandikiwa, anaisoma, hakuna sehemu inayotaka utume hela kwa mtu.

MamaNuru
Mbona mimi nilisikia kusteki ni lazima uweke 32 na zinafungwa?

haskeli_tz
Hiyo ni Ethereum dada. Kule ukitaka kuendesha validata (nodi ya kuthibitisha miamala) yako mwenyewe unaweka ETH 32, sarafu za kule, kwenye mkataba wa kidijitali, na ukifanya uhuni unakatwa. Mpaka Aprili 2023 ulikuwa huwezi hata kuzitoa. Nadhani matapeli wanachukua habari za kule wanazipachika huku, na mtu mgeni atajuaje.

kijana_mbagala
Asante sana kiongozi, nimeshamblock. Sasa zawadi zinaingia lini, na opereta namchaguaje?

pwani_nodi
Mahesabu yanakwenda kwa epoki, kila epoki siku 5, ya kwanza utaiona baada ya siku 15 mpaka 20 usiogope ukiona kimya. Opereta angalia makato yake, wengi wanachukua ADA 170 kila epoki kwanza kwenye zawadi za wote waliomchagua, ndipo mnagawana kinachobaki, kwa hiyo kwa opereta mdogo sana hiyo 170 inaumiza, ila aliyepewa ADA nyingi kupita kiasi nae zawadi zinapungua, tafuta wa katikati. Halafu toka Januari 2025 huwezi kutoa zawadi mpaka uchague mwakilishi wa kukupigia kura za uendeshaji wa Cardano, au uchague kutopiga, iko humohumo kwenye waleti. Maneno yako 15 ya siri ya waleti usimpe mtu, hata mimi nikikuomba inbox usinipe.