Mjadala: Colts wamwongezee Jonathan Taylor mkataba sasa, au wasubiri msimu wa 2026 uishe?

Yadi Nne (mleta mada)

Wakuu, naomba hili tulijadili kwa namba. Jonathan Taylor, mkimbiaji namba moja wa Indianapolis Colts, amebakiza msimu mmoja tu kwenye mkataba wake. Aliusaini Oktoba 2023: miaka mitatu, dola milioni 42, zikiwemo milioni 26.5 za uhakika. Unaishia na msimu wa 2026.

Kwa wasiofuatilia sana mpira wa Kimarekani: mkimbiaji ndiye anayesimama nyuma au ubavuni mwa kwotabeki (mpiga pasi anayeongoza mashambulizi), anakabidhiwa mpira mkononi na kutafuta upenyo katikati ya watu wenye kilo 140. Hakuna nafasi inayomaliza mwili mapema kama hii, ndiyo maana mikataba yake haikosi ubishi.

Msimamo wangu: aongezewe kabla ya kambi ya Julai, miaka miwili tu, yaani 2027 na 2028. Msimu wa 2025 alikimbia yadi 1,585 na kufunga tachidauni 18 za mbio, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani. Mliotazama mechi ya Berlin dhidi ya Atlanta Falcons, Novemba 9, mnajua ninachosema: alibeba mpira mara 32, akapata yadi 244, moja ya mbio hizo ikiwa ya yadi 83, kisha akaimaliza mechi yeye mwenyewe kwenye muda wa nyongeza, 31–25.

La pili, na hili halisemwi vya kutosha. Colts waliwapa New York Jets chaguo zao za raundi ya kwanza za 2026 na 2027, yaani zamu za kuchagua vijana bora wanaotoka vyuoni, ili wampate mlinzi Sauce Gardner. Kwa hiyo kipaji cha juu cha kumrithi Taylor hakitapatikana kwa njia hiyo. Na kwotabeki wao, Daniel Jones, alichanika kano ya kisigino Desemba 2025. Kwotabeki anayetoka kwenye jeraha la namna hiyo anahitaji mtu wa kumpunguzia mzigo.

Hesabu Kwanza

Napinga, na nitaanza na tarehe mbili. Oktoba 7, 2023, Taylor alisaini huo mkataba wa milioni 42. Kesho yake, Oktoba 8, Colts walicheza na Tennessee Titans. Taylor alibeba mpira mara 6 akapata yadi 18. Zack Moss, ambaye Buffalo walimwachia katika biashara ya msimu uliotangulia, alibeba mara 23 akapata yadi 165 na tachidauni mbili. Ni safu ileile ya wazuiaji, kocha yuleyule, mpinzani yuleyule, tena siku ileile. Najua mechi moja si ushahidi kamili na kwamba Taylor ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kwenye jeraha la kifundo. Lakini inaonyesha jinsi nafasi hii inavyojazika kwa bei nafuu.

Sasa angalieni historia ya nyongeza zinazotolewa mapema. Todd Gurley alisaini na Rams Julai 2018, miaka minne ya ziada kwa dola milioni 57.5. Miaka hiyo ilikuwa ianze 2020. Machi 2020 akaachwa, hakucheza hata mechi moja ya miaka iliyoongezwa. Ezekiel Elliott aliongezewa na Dallas Septemba 2019 miaka sita kwa dola milioni 90, na nyongeza hiyo ilikuwa ianze 2021. Akaachwa Machi 2023, miwili kati ya sita. Wote wawili walilipwa kwa kazi waliyokuwa wameshaifanya.

Upande wa pili wa mizani, Bucky Irving alichukuliwa na Tampa Bay raundi ya nne 2024, akakimbia yadi 1,122 mwaka wake wa kwanza. Kyren Williams ni wa raundi ya tano, Isiah Pacheco wa raundi ya saba. Colts wenyewe walimchukua DJ Giddens raundi ya tano mwaka 2025. Mpeni kazi mumwone.

Safu ya Mbele

Mimi sigombani na Taylor, nagombana na jinsi tunavyozigawa yadi zake. Tazameni mechi zake saba za mwisho za 2025. Baada ya Berlin alikuwa na yadi 1,139 katika mechi kumi. Akamaliza na 1,585. Maana yake mechi saba zilizobaki alipata 446, kama 64 kwa mechi, na hakufika 100 hata mara moja. Mguu haukubadilika. Kilichobadilika kilikuwa mbele yake na ubavuni mwake.

Chukueni mchezo wa mbio za pembeni. Mpira unapochomolewa, wazuiaji wote watano wanateleza upande mmoja, tuseme kulia. Taylor anapokea mpira na kupiga hatua tatu akiwa anamwangalia mtu wa mwisho wa ulinzi upande huo. Akitanuka nje, Taylor anakata ndani mgongoni mwa wazuiaji wake. Akijibana ndani, Taylor anazunguka nje. Uamuzi unafanyika hatua ya tatu, hakuna ya nne ya kufikiria. Sasa yuko mlinzi mwingine, wa pembeni kushoto, ambaye hakuna anayemzuia. Anayemshika huyo ni kwotabeki kwa tishio tu: Jones akiwa mzima, mlinzi yule hana budi kusita kidogo, Jones asije akabaki na mpira na kukimbilia upande wa pili. Kusita huko ndiko kunakompa Taylor mlango.

Jones alipoumia, Colts walimrudisha Philip Rivers mwenye miaka 44. Rivers ana akili kubwa ya mchezo, lakini hakuna mlinzi anayeogopa miguu yake. Mlinzi wa kushoto anaacha kusita, anamkimbiza Taylor kutoka nyuma na kumkamata pale pale anapotaka kukata ndani. Na walinzi wanapojua pasi ndefu hazitapigwa nyingi, wanasogeza mtu wa nane karibu na mstari. Wazuiaji watano na mshikaji mmoja wa kusaidia hawawezi kuzuia wanane. Hiyo ni hesabu ya vidole.

Kwa hiyo swali langu ni hili: Quenton Nelson, mzuiaji wa ndani kushoto, naye mkataba wake unaishia 2026. Msimu wa 2025 walishawapoteza Ryan Kelly na Will Fries, wote wakaenda Minnesota. Milioni 15 zikienda kwa Taylor na Nelson akaondoka, mmenunua gari mkauza magurudumu.

Yadi Nne

Mkuu Safu ya Mbele, umeeleza vizuri, ila hoja yako inanisaidia mimi zaidi. Ukisema 446 ni kosa la mazingira, basi mguu bado upo, na ndio tunaoulipia.

Hesabu Kwanza, bei usiiangalie bila kikomo cha mishahara. Kila klabu ya NFL, ligi yao, ina kiasi kimoja cha juu cha kutumia kwa mwaka, na kiasi hicho kinapanda. Gurley alichukua wastani wa milioni 14.4 kikomo kikiwa 177.2, yaani asilimia 8.1. Mkimbiaji Christian McCaffrey mwaka 2020 alipewa 16 kati ya 198.2, asilimia 8.1 tena. Taylor mwenyewe 2023, 14 kati ya 224.8, asilimia 6.2. Kikomo cha 2025 kilikuwa 279.2. Hata ukimpa Taylor milioni 15 ukatumia kikomo hicho cha mwaka jana, ni asilimia 5.4. Kwa uzito wa bajeti anakuwa nafuu kuliko alivyokuwa 2023, na mikataba unayoitaja ilikuwa mizito kuliko huu kwa nusu nzima.

Mzigo na Magoti

Nachangia upande wa mwili. Taylor alibeba mpira mara 926 kwa misimu mitatu akiwa chuo kikuu cha Wisconsin. Ndani ya Colts amebeba mara 1,551 katika misimu sita ya kawaida. Jumla ni karibu 2,480, bila kuhesabu pasi alizodaka. Januari 2027 anatimiza miaka 28. Miaka mnayotaka kumwongezea ni ya umri wa 28 na 29.

Kinachoharibika kwanza kwa mkimbiaji si mwendo kasi wa moja kwa moja. Ni uwezo wa kufunga breki na kugeuka: kifundo, goti, na msuli wa nyuma ya paja. Taylor aliumia kifundo 2022, akafanyiwa upasuaji Januari 2023, na misimu hiyo miwili alipata yadi 861 na 741. Kisha akarudi: 1,431 mwaka 2024, 1,585 mwaka 2025. Kwa hiyo kifundo kimepona na kimepimwa kwa zaidi ya mara 600 za kubeba mpira.

Msimu unaofuata mzigo mkubwa ndio wa kuogopa. Saquon Barkley alibeba mara 345 msimu wa kawaida wa 2024, ukijumlisha mtoano mara 436. Alikimbia yadi 2,005 na Eagles wakatwaa Super Bowl. Machi 2025 akaongezewa miaka miwili kwa dola milioni 41.2. Msimu uliofuata akapata yadi 1,140. Safu yake nayo ilikuwa na majeruhi, lazima isemwe. McCaffrey aliongezewa Juni 2024, akacheza mechi nne tu msimu huo, kisha 2025 akacheza zote 17. Derrick Henry alikimbia yadi 1,921 akiwa na miaka 30. Atakayewaambia umri fulani ndio ukuta wa wote msimwamini. Mnachoweza kupanga ni idadi: Taylor abebe mpira mara 250 hadi 270 mwaka 2026, Giddens achukue 100. Huwezi kumtumia mara 320 kisha ukashangaa 2028.

Kalamu na Wino

Wote mnazungumzia jumla ya mkataba. Jumla haina maana, angalieni fedha za uhakika na siku zinapofunga.

Wakisubiri, Colts wana silaha moja: tegi, yaani haki ya klabu kumbakiza mchezaji aliyemaliza mkataba kwa mwaka mmoja kwa bei ya kanuni. Mwaka 2023 Giants walimwekea Barkley tegi ya dola milioni 10.091, Raiders na Cowboys wakafanya hivyohivyo kwa Josh Jacobs na Tony Pollard. Tarehe ya mwisho ya Julai ikapita bila hata mmoja wao kupata mkataba mrefu. Ila tegi kwa Taylor si nafuu hivyo. Kanuni inasema ni kiasi cha nafasi hiyo au asilimia 120 ya mshahara wake wa mwaka uliotangulia, kilicho kikubwa. Mshahara wake wa 2026 ukiwa kama milioni 14, tegi ya 2027 haishuki chini ya 16.8, na yote inaingia kwenye kikomo mwaka huohuo bila kugawanywa.

Wakiongeza sasa, mimi ningeuandika hivi. Bonasi ya kusaini milioni 15. Kanuni inaruhusu kuigawa kwa miaka isiyozidi mitano: ukiigawa kwa miaka mitatu halisi, 2026 hadi 2028, ni 5 kila mwaka. Mshahara wa 2027 uwe wa uhakika tangu siku ya kusaini. Wa 2028 uwe wa uhakika kwa jeraha tu, na ugeuke kuwa wa uhakika kamili siku ya tatu ya mwaka wa ligi, Machi 2028. Hapo klabu ina mlango. Wakimwacha kabla ya siku hiyo, kinachobaki vitabuni ni milioni 5, basi. Sehemu ya mshahara ilipwe kwa kila mechi anayokuwepo kikosini, tuseme 60,000 kwa mechi 17, ili akikosa nusu ya msimu gharama nayo ishuke.

Msikubali miaka hewa ya 2029 na 2030, yaani ya kwenye karatasi tu ili bonasi igawanywe zaidi. Ukiigawa ileile 15 kwa mitano inakuwa 3 kwa mwaka, inapendeza. Lakini ukimwacha Machi 2028, milioni 9 zinadondoka kwa pamoja, au ukitumia utaratibu wa baada ya Juni 1, 3 mwaka huo na 6 mwaka 2029, wakati mtu mwenyewe hayupo.

Mfano wa kufuata ni Jacobs na Green Bay, 2024: miaka minne, milioni 48, na za uhakika 12.5 tu. Kwa bei, James Cook alipata milioni 46 kwa minne na Buffalo Agosti 2025, akaongoza ligi kwa yadi 1,621. Henry alipata 30 kwa miwili. Taylor yuko kati ya hao.

Na msisahau upande wa mchezaji. Chini ya makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji ya 2020, mwenye mkataba wa aina yake akikosa kambi anatozwa dola 50,000 kwa siku, na klabu hairuhusiwi kumsamehe. Kwa hiyo hatakosa. Atafika, atasimama pembeni, atasema mgongo unauma. Kwa timu iliyoanza 2025 kwa ushindi nane katika mechi kumi na kumaliza 8–9, kambi ya namna hiyo ni hasara.

Hesabu Kwanza

Kwa maandishi ya Kalamu na Wino nalegea kidogo. Nilichokuwa napinga ni Gurley wa pili. Mkataba wenye mlango Machi 2028 si Gurley.

Bado nina sharti moja: awepo uwanjani kwenye jaribio la tatu na la nne, maana timu ina majaribio manne tu ya kusogea yadi kumi. Januari 6, 2024, mechi ya mwisho ya msimu, Colts walikuwa nyuma ya Houston. Taylor alikuwa ameshapata yadi 188 kwa kubeba mara 30. Jaribio la nne, yadi moja tu inahitajika, mpira uko yadi 15 kutoka langoni. Taylor alikuwa benchi. Pasi ikaenda kwa Tyler Goodson, ikadondoka, Houston wakashinda 23–19 na Colts wakakosa mtoano. Mtu wa milioni 14 hakuwepo kwenye mchezo ulioamua mwaka.

Safu ya Mbele

Hapo ni kocha, si mkataba. Msimu wa 2025 alidaka zaidi ya pasi 40, kwa hiyo kisingizio cha mikono hakipo tena. Kinachobaki ni kumzuia mlinzi anayevamia: kusoma nani anakuja, kuingia kifuani kwake kabla hajapata kasi, na kubaki na miguu chini. Hilo linafundishika. Ila mimi sihami: Nelson asaini kwanza, Taylor wiki inayofuata.